Simu haijui giza la mwaloni

Juzi nilikuwa na mama mdogo pale mwaloni Kirumba, hapa Mwanza wanaposhushia samaki, anachambua dagaa, simu kaiegemeza kwenye gunia, akaiuliza kwa sauti "giza hili dagaa watakuwa wengi?" Ikamjibu habari za umeme kukatika na namna ya kutunza chaji. Akaifunga kwenye kanga akaendelea na kazi. Iliniuma kweli, maana pale hata mtoto anajua giza ni zile siku mwezi hauonekani, wavuvi wanaingia ziwani na taa dagaa wanafuata mwanga, ikirudi mbalamwezi watu wanapumzika wanashona nyavu.

Sasa mi napenda sana kusoma habari za waliofundisha kompyuta Kiingereza cha kawaida, na kuna moja haijanitoka kichwani. Kati ya 1968 na 1970 pale chuo cha MIT Marekani jamaa anaitwa Terry Winograd alitengeneza programu inaitwa SHRDLU, dunia yake yote ni meza iliyochorwa kwenye skrini, juu yake matofali ya rangi, piramidi na boksi, basi. Unaiandikia beba tofali kubwa jekundu, inabeba. Ukisema shika piramidi na piramidi ziko kadhaa, inakwambia haijaelewa unamaanisha ipi, na ukiiuliza kwanini ulifanya vile inakueleza sababu. Haibahatishi! Baadaye kidogo William Woods na wenzake wakaleta programu ya LUNAR, wataalamu wa miamba wanaiuliza kwa Kiingereza chao kuhusu mawe ya mwezini yaliyoletwa na safari ya Apollo 11, inajibu.

Najua zile zilishindwa kutoka nje ya kadunia kao, na za leo zinajifunza kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, mengi yake ya kutoka intaneti. Lakini hayo maandishi mengi ni ya Kiingereza, na maongezi ya mwaloni nani aliyaandika? Ndo maana mi naona vijana wetu wa kompyuta hapa Mwanza wasisubiri mashine inayojua yote, waanze na kadunia kadogo, mwaloni tu, dagaa, sangara, sato, bei ya ndoo, upepo, giza na mbalamwezi, na isipoelewa iulize kama ile ya Winograd.

Mi nimeshanunua daftari. Jumamosi nimekaa na mama mdogo nikaandika maswali yote wateja waliyomuuliza kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, vilevile walivyoyatamka, hadi saa nne nilikuwa na kurasa saba.