Mche Mmoja Haulipi Deni la Mti Mkongwe

Kampeni ya upandaji miti inapofanyika, kinachotangazwa kwanza ni idadi ya miche, na ni nadra kusikia ni miti mikongwe mingapi iliyoangushwa katika mwaka huohuo. Naunga mkono upandaji kwa moyo wote, lakini naamini kwamba katika kukabiliana na ongezeko la joto duniani, msitu ambao bado umesimama una thamani ambayo hakuna kitalu kinachoweza kuirudisha kwa muda tuliobakiwa nao.

Mti huvuta hewa ya ukaa kupitia majani, huitumia pamoja na maji na mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na kaboni iliyomo hugeuka kuwa shina, matawi na mizizi. Takriban nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Gogo kavu la tani 2, kwa hiyo, limehifadhi karibu tani 1 ya kaboni, na likiteketea lote hurudisha angani zaidi ya tani 3.6 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni hiyo huungana na oksijeni inapoungua.

Tazama kisiki kilichokatwa karibuni, utomvu ukiwa bado unachuruzika: pete zake, nyingine nyembamba kwa sababu ya ukame, zinahesabu miaka ya kazi ambayo msumeno umeikatisha kwa dakika chache. Kisha tazama mche ulio kwenye kiriba, wenye shina lisilozidi unene wa penseli, ambao ndio tunaoambiwa kwamba umefidia hasara hiyo.

Tena hazina kubwa mara nyingi haionekani kwa macho. Katika misitu ya kinamasi ya Bonde la Kongo, wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kuwa kuna takriban tani bilioni 30 za kaboni ardhini, ndani ya mabaki ya mimea ambayo hayajaoza kabisa kwa sababu yamezama majini. Kinamasi hicho kikikaushwa, mabaki hayo yataanza kuoza na kaboni itapanda angani. Kusini-mashariki mwa Amazon, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba eneo hilo, kutokana na ukataji, moto na ukame, tayari linatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inayovutwa nalo.

Sisemi kwamba misitu peke yake itatuokoa, maana hakuna msitu unaoweza kumeza moshi wote wa makaa ya mawe na mafuta. Hata hivyo, zaidi ya nchi 140 ziliahidi jijini Glasgow, mwaka 2021, kukomesha upotevu wa misitu ifikapo 2030, na ahadi hiyo haiwezi kupimwa kwa kuhesabu miche. Kila tangazo la upandaji lingepaswa kutaja pia hekta za msitu wa asili zilizofyekwa mwaka huo, na miche mingapi ya miaka mitano iliyopita ingali hai.