Salfa juu, maji chini

Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, asubuhi za Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, hunuka salfa, unga unaopuliziwa mikorosho. Mashine zinanguruma mikoroshoni kabla upepo haujaamka, maana mkulima anajua ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukiwahi, maua yanakauka na msimu umekwisha. Ukimwambia aache salfa kwa kuhofia itachafua maji ya kunywa, mwambie na watoto watakula nini.

Wanaohofia maji nao hawasemi ovyo. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga, mvua haikai juu, inazama. Ndiyo sababu watu wa uwandani walizoea kushuka bondeni kuchota. Leo mradi wa Makonde unapandisha maji ya visima virefu vya Mitema, na Mtwara mjini hutegemea visima vya Mtawanya. Kilichozama kinaweza kurudi bombani.

Kilichozama ni kipi, hasa? Salfa haiyeyuki kwenye maji. Vijidudu vya udongoni ndivyo huigeuza tindikali, na wa kwanza kuumia ni udongo wa shamba lenyewe. Mimi naogopa zaidi viuatilifu vya majimaji, vinavyochanganywa na maji kabla ya kupuliziwa. Watu huvichanganyia kisimani kwa sababu ndiko maji yaliko, pampu huoshwa hapohapo, na kopo tupu (hili linaniudhi kuliko yote) huishia kuwa la kuchotea. Hatua kumi hizo za kuzunguka kisima zina hatari kuliko eka nzima iliyopuliziwa. Naitreti nayo, chumvi itokayo kwenye mbolea na kinyesi, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita na kuchemsha hakuiondoi, ikionekana kisimani tusikimbilie kumshika mwenye mikorosho: choo cha shimo cha jirani huitoa vilevile.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Maji ya chini hayana kingo. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu chanzo kutangazwa eneo la hifadhi, ila ukilichora pana mno unafukuza watu kwenye mikorosho waliyorithi. Ningelichora dogo, lilindwe kwelikweli, na kila kijiji kiwe na sakafu ya saruji ya kuchanganyia dawa, mbali na kisima.

Wanaokunywa maji ya paa wana shauri jingine. Vumbi la kiangazi limelala batini. Mvua ya kwanza ikija, gata igeuzwe nje kwanza.