Betri ikifa hupewa nani?
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema lawama ya sumu ya madini ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, ni ya mwenye kiwanda cha kuyeyusha betri na maafisa waliompa kibali, basi. Kwa sehemu kubwa ni kweli: huwezi kuyeyusha betri kuukuu za magari, utoe risasi iliyomo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na ndiyo maana mahakama hapa Mombasa mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini kabla kiwanda hakijafungwa 2014, mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni Changamwe nikinunua vyuma chakavu, na betri ndiyo ilikuwa mali yenyewe. Tajiri wa mzani, aliyetupimia na kununua vyuma vyetu, alizitaka kavu, kwa hiyo asidi tuliimwaga mtaroni, papo hapo watoto wanaporuka wakienda chuoni. Suruali yangu ilitoboka matundu matundu magotini. Niliona hasara ya suruali tu! Lori likijaa linaondoka, nami sikuuliza hata siku moja linakwenda wapi. Nilishahesabu pesa zangu. Hatia yangu si sawa na ya mwenye kiwanda, lakini ipo. Nanyi wenye magari, betri ikifa mnampa nani, na mnamuuliza anaipeleka wapi?