Wauza sarafu wa Dodoma, andikeni siku za kurudisha

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Mstari huo umo chini ya risiti nyingi za maduka yetu, kuanzia spea za pikipiki mpaka vitenge, na wanaouza sarafu za kale wameubeba hivyo hivyo bila kuufikiria. Kwenye kitenge unaweza kuvumilika. Kwenye sarafu ya mkusanyaji ni mstari mbovu. Naishi Birmingham, nafuatilia soko la sarafu la huku na la kwetu Dodoma, na naamini mstari ule unamuumiza muuzaji mwaminifu kuliko unavyomlinda.

Thamani ya sarafu haionekani ukiwa umesimama kaunta. Sarafu mbili za aina moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu moja imebaki na mng'ao wake wa kiwandani na nyingine imesuguliwa. Kulijua hilo kunataka mizani, lenzi, mwanga wa pembeni na utulivu. Ukiwa Majengo sokoni jua la saa saba linawaka, na muuzaji anakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani, huna hata kimoja. Mnunuzi asiye na siku za kukagua hujilinda kwa njia pekee iliyobaki: anatoa bei ya chini kwa kila kitu. Matokeo yake mwenye sarafu halali analipwa bei ya feki, na mwenye feki analipwa zaidi ya anachostahili.

Huku Uingereza ukinunua kwa mfanyabiashara kupitia mtandao au simu, kanuni za mwaka 2013 zinakupa siku 14 tangu upokee mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu. Ukishamwarifu una siku 14 nyingine za kuirudisha, naye ana siku 14 za kukurudishia hela tangu aipokee, pamoja na gharama ya kawaida ya kukutumia. Nauli ya kurudisha kwa kawaida ni yako. Kama sarafu haifanani na maelezo, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kudai hela yote. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, benki iliyotoa kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji.

Ila watu wa nyumbani wanaodhani huku kila kitu kinarudi wanajidanganya, na wengi huumia hapo. Bidhaa ambayo bei yake inapanda na kushuka kwa soko la fedha imeondolewa kwenye zile siku 14. Ukinunua sovereini, yaani sarafu ya dhahabu ya Uingereza, kwa bei ya siku, kesho dhahabu ikashuka, huwezi kuirudisha kwa kuwa umejuta. Muuzaji atainunua tena kwa bei ya leo, tena ya chini kuliko anayouzia. Mnada wa hadhara nao haumo. Mtu binafsi anayeuza sarafu za marehemu babu yake anabanwa na maelezo aliyoyatoa tu, hana siku 14 za kukupa. Ukiingia dukani kwa miguu yako, ukashika sarafu na kuilipia, sheria haikupi haki ya kuirudisha kwa kubadili mawazo. Wafanyabiashara wengi wanakubali kwa hiari yao, kwa sababu wanajua mteja aliyerudisha leo bila ugomvi atanunua kesho.

Hiari hiyo ndiyo ninayoitaka Dodoma. Sheria za kumkamata tapeli hata kwetu zipo: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kifanane na maelezo yaliyokiuza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamgusa anayenunua mtandaoni. Lakini kesi ya sarafu moja ni mzigo kwa pande zote mbili. Karatasi yenye mistari minne inafanya kazi haraka zaidi.

Nichukue mfano ulio karibu na kwetu, kwenye reli ile ile ya kati. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamefunga bahari, Wajerumani walipiga sarafu Tabora kwenye karakana ya reli. Ya dhahabu ni rupia 15 yenye tembo, alama ya T, uzito gramu 7.168, dhahabu ya 750 katika 1,000. Zilipigwa 16,198 tu. Kwa uchache huo na umaarufu wake, feki zake ni nyingi mno, na kila anayeuza "tembo wa Tabora" kwa picha za WhatsApp bila siku za kukagua ananipa shaka hata kabla sijaitazama picha.

Kipimo cha kwanza ni mizani inayosoma gramu 0.01, sonara yeyote makini anayo. Sarafu ya shaba ya manjano iliyochovywa dhahabu, kwa ukubwa ule ule wa milimita 22, itasoma karibu gramu 4. Hapo huna haja ya kuendelea. Ikisoma vizuri, pima uzito wake majini. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha namba iwe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni na uizamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Tikisa kidogo viputo vya hewa vitoke, maana kiputo kimoja kinaharibu hesabu. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tembo wa Tabora hutoa takriban 15. Sovereini ya Uingereza, yenye gramu 7.98 na dhahabu ya karati 22, inasoma majini 0.45 au 0.46, yaani kati ya 17.3 na 17.7. Fedha ya 925 ni 10.3 hivi. Sarafu za shaba usizitie maji, zinabaki na madoa.

Kipimo hicho hakimalizi kazi, kwa kuwa wapo wanaopiga feki kwa dhahabu ya kweli. Faida yao iko kwenye bei ya ukusanyaji, dhahabu yenyewe ni mtaji tu. Kwa hizo unahitaji lenzi ya mara 10 na picha ya sarafu iliyothibitishwa. Tafuta vishimo vidogo vinavyobaki sarafu ikimwagwa kwenye kalibu, herufi zilizolegea kingo, na mstari wa kiungo ukingoni. Tembo wa Tabora ana aina mbili, zinazotofautishwa na mahali ncha ya pambo inapoishia: chini ya T ya neno Ostafrika (Afrika Mashariki kwa Kijerumani), au chini ya A inayofuata. Ncha ikiangukia pengine, irudishe siku hiyo hiyo.

Usimpelekee sonara aijaribu kwa asidi na jiwe. Kwa pete ya zamani ni sawa. Kwa sarafu, ule mkwaruzo mmoja unashusha bei, na muuzaji ana haki kamili ya kuikataa ikirudi hivyo. Mwombe mizani tu.

Mgogoro mwingine unaojirudia kwetu ni shilingi za Afrika Mashariki. Baadhi zilipigwa hapa Birmingham, ndiyo maana unakuta herufi H au KN, alama za viwanda vya huku. Shilingi ya tangu 1921 mpaka 1946 ina fedha 250 katika 1,000, yaani robo, chini kidogo ya gramu 2 za fedha halisi ndani ya gramu 7.78. Tangu 1948 ni shaba na nikeli, haina fedha hata chembe, na uzito ni karibu ule ule, kwa hiyo mizani haitakuokoa. Soma mwaka. Mtu akikuuzia ya 1952 kwa jina la "shilingi ya fedha", ameuza kisicholingana na maelezo na anatakiwa kurudisha hela hata kama hakuwa na nia mbaya. Akikuuzia ya 1924 kwa kusema ni "fedha tupu", hali kadhalika. Sarafu za fedha za Tanzania za uhifadhi wa wanyamapori za mwaka 1974, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye faru, zilitoka kwa namna mbili: za mng'ao maalumu kwa fedha ya 925, na za kawaida kwa fedha ya 500. Ya twiga ni gramu 28.28 kwa ile ya kwanza na 25.31 kwa ya pili. Muuzaji asiyeandika ni ipi anajitafutia ugomvi.

Upande wa muuzaji kuna hofu moja ninayoiheshimu: kubadilishiwa. Anatoa sarafu nzuri, siku ya tatu inarudi mbovu. Wafanyabiashara wa huku wanaitibu kwa stika inayoziba mdomo wa kifuko. Ikichanika, hakuna kurudisha. Kwa zilizofungwa kwenye kasha gumu na kampuni za uthibitishaji kama PCGS au NGC, kasha likivunjwa biashara imekwisha. (Namba ya kasha ihakiki kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, kwa sababu makasha feki hunakili namba halali.) Dodoma stika ya kawaida yenye saini inatosha, pamoja na picha mbili za kila upande zilizopigwa mwanga ukitoka ubavuni, mikwaruzo ionekane. Mikwaruzo hiyo ndiyo kitambulisho cha sarafu, hakuna mbili zinazofanana. Ukitumia kadi zile zenye dirisha la plastiki, bonyeza pini zilale kabisa. Wakati wa kuzitoa ndipo sarafu inapokwaruzwa na kila mmoja kumtupia mwenzake lawama.

Na msisafishe. Limau, majivu, dawa ya meno, stili waya, vyote vinaondoa ngozi ya sarafu na hairudi tena. Muuzaji aliyesafisha aseme. Mnunuzi aliyesafisha asidai kurudisha.

Maneno ya kuandika kwenye karatasi, kwa maoni yangu, ni haya: "Nimeuza rupia 1 ya Deutsch Ostafrika ya mwaka 1904, gramu 11.62, picha zimetumwa kwa simu ya mnunuzi leo. Mnunuzi ana siku 7 kuirudisha stika ikiwa nzima, kwa sababu yoyote. Ikithibitika kuwa feki, muda ni siku 60 hata stika ikiwa imefunguliwa. Hela inarudi yote kwa njia ile ile iliyolipiwa ndani ya siku 2." Sahihi mbili, na shahidi akiwepo ni vizuri zaidi. Uzito uwe wa sarafu yenyewe ilivyopimwa mbele ya wote, usinakiliwe kwenye katalogi. Siku 7 zinatosha kwa mtu wa Kondoa au Mpwapwa kuipeleka kwa anayejua na kurudi. Zile 60 ni kwa sababu kuthibitisha feki nzuri kunaweza kuhitaji kuituma mbali. Sarafu inayouzwa kwa bei ya madini ya siku iandikwe kabisa kuwa hairudi kwa kubadili mawazo. Hapo Waingereza wako sahihi na tuwaige.

Risiti ya EFD dai, lakini yenyewe haitoshi ikiwa imeandikwa "bidhaa 1". Lipa kwa lipa namba ya duka, usitume kwenye namba binafsi ya mtu, maana ujumbe wa muamala wenye jina la biashara ni ushahidi. Na usitegemee kampuni ya simu irudishe: huduma ya kurejesha muamala ni ya aliyekosea namba, haihusu aliyejutia manunuzi. Mzigo ukitoka Dar kwa basi, fungua mbele ya simu inayorekodi, kuanzia bahasha ikiwa imefungwa. Anayekuuzia rupia kwa madai kwamba ina nguvu za kuvuta mali, huyo hata akikupa siku 100 za kurudisha, mkwepe.

Jambo ambalo nyumbani tumewashinda huku ni kukaa uso kwa uso. Mzee anayeuza anakuruhusu uishike, mnakunywa chai, anamwita jirani ashuhudie, na mara nyingi anakubali uondoke nayo kwa amana ukamwonyeshe mwingine. Mnunuzi wa mtandaoni wa Birmingham hajawahi kuonja uaminifu huo. Karatasi haiuvunji, inawasaidia watoto wa hao wazee watakaofanya biashara na wasiofahamiana.

Kwa wa Dodoma wanaoagiza kutoka Uingereza au Ujerumani, kabla hamjalipa mwandikieni muuzaji mambo matatu na msubiri jibu la maandishi. Siku za kurudisha zihesabiwe tangu mlipouchukua mzigo posta kwa kusaini, tena mwulize kama kurudisha kunahesabiwa siku ya kutuma au ya kufika, maana barua inaweza kuchukua wiki. Ushuru mliolipa forodhani yeye hatawarudishia, hivyo muuweke kwenye hesabu. Na njia ya kurudishia ikubaliwe mapema: kampuni nyingi za vifurushi hazipokei sarafu au hazilipi zikipotea, kwa hiyo muulizeni posta kuhusu barua ya rejista yenye bima, na fomu ya forodha muijaze kuwa ni bidhaa inayorudishwa kwa muuzaji, kwa thamani yake kamili.