Shahada au Jukwaa: Nani Afundishe Sanaa za Maonyesho Chuoni?

Ukisoma wasifu wa walimu wa sanaa za maonyesho katika vyuo vikuu vya Marekani, mara nyingi kinachotangulia ni kazi walizofanya kwenye kumbi. Huyu alibuni taa za michezo mjini Chicago, yule alishona maleba kwa miaka mingi, mwingine ni mwanachama wa Actors' Equity Association, chama cha waigizaji na wasimamizi wa jukwaa kilichoanzishwa mwaka 1913, na wa nne hufundisha jinsi ya kupigana jukwaani bila mtu kuumia. Shahada zao zimo, ila hazibebi wasifu mzima. Hapa Nairobi mpangilio umegeuka: shahada kwanza, makala ya majarida pili, makongamano tatu, na kama mhadhiri amewahi kuelekeza mchezo, habari hiyo iko chini kabisa au haimo.

Hali hii ina chanzo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri, kwa kanuni ya jumla, awe na shahada ya uzamifu, na waliokuwa wakifundisha kwa shahada ya uzamili wakapewa miaka mitano wajiendeleze. Nia ilikuwa njema. Vyuo vilikuwa vimeongezeka haraka, mabewa yakafunguliwa hata juu ya maduka, na mzazi aliyelipa karo alikuwa na haki ya kujua mwanawe anafundishwa na nani. Katika idara ya historia au ya kemia kanuni hiyo haileti shida kubwa. Katika idara ya maonyesho inaleta, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujuzi wa kazi hii haiandikiki kwenye tasnifu. Iko kooni, miguuni, na katika jicho linaloona kwamba mwigizaji amesimama hatua moja nje ya mwanga wake.

Waliolijenga somo hili Afrika, wengi wao, hawangepita kwa kipimo hicho. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Free Travelling Theatre, kundi la wanafunzi lililozunguka nchi wakati wa likizo ndefu likionyesha michezo bila kiingilio. Jina linalohusishwa nalo zaidi ni John Ruganda, Mganda aliyefika Nairobi akiwa tayari mtunzi na mtu wa jukwaa. Uzamifu wake aliupata baadaye, Kanada. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeiongoza Idara ya Fasihi hapo hapo, alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, bila kuukamilisha hata uzamili. Wole Soyinka, mtunzi wa Nigeria, alikuwa na shahada ya kwanza ya Leeds na uzoefu wa kusoma miswada katika Royal Court Theatre, London, kabla ya kukabidhiwa shule ya maonyesho ya Ibadan. Ng'ambo nako, Lloyd Richards, aliyeelekeza mchezo wa A Raisin in the Sun kule Broadway, New York, mwaka 1959, alikuwa mkuu wa shule ya maonyesho ya Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1979 hadi 1991, na alichokwenda nacho Yale ni jukwaa.

Hoja hii ina nguvu, ila haifiki mbali kama wasanii wetu wanavyodhani. Soyinka hazaliwi kila mwaka. Kanuni ya ajira hutungwa kwa ajili ya mwombaji wa kawaida, na mwombaji wa kawaida mwenye miaka kumi ya uigizaji anaweza kuwa mwigizaji mzuri sana asiyejua kumweleza mtu mwingine anachofanya. Tena wale wakongwe walikuwa wasomaji wakubwa mno. Kukosa cheti hakukuwa kukosa elimu, na anayewataja ili kukwepa maktaba anawakosea heshima.

Mfano unaonifaa zaidi ni mchezo wa Ngũgĩ na Micere Mugo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, uliopanda jukwaani katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho Oktoba 1976. Micere alikuwa na uzamifu wa Chuo Kikuu cha New Brunswick tangu 1973. Ngũgĩ hakuwa nao. Aliyeuelekeza ni Seth Adagala, mtu wa ukumbi. Watu watatu wenye asili tatu, na mchezo ukajaza ukumbi ambao hadi wakati huo ulikuwa ukipewa zaidi michezo ya wageni. Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wahadhiri wa Nairobi akiwamo Kimani Gecau walifanya mazoezi ya mchezo na wakulima na wafanyakazi wa viwandani, na wenyeji hao ndio waliowasahihisha wasomi: mzee hazungumzi hivi, wimbo wa arusi hauanzi hapa.

Niseme jambo nililolishuhudia kwa karibu. Ilikuwa mtihani wa uigizaji wa wanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja jijini. Binti mmoja aliigiza mama anayeulizwa habari za mwanawe aliyepotea. Alikuwa amesoma, ungeweza kumwona akiitafuta hisia ndani yake kama kitabu kilivyomwagiza, macho yamefumba, mabega yameinama. Safu ya tatu haikusikia kitu. Mhadhiri wake alimwambia aongeze sauti, akaongeza, ikawa kelele. Kando ameketi mwelekezi mwalikwa, mtu aliyetumia miaka mingi kuzungusha maigizo ya vitabu teule vya mitihani katika mabwalo ya shule za sekondari, kusiko na maikrofoni, mabati yakipigwa na mvua. Akasema, "Mama, sauti unayo ya kutosha. Umesema 'hajarudi', mimi huku nyuma nimesikia 'jarudi'. Vuta pumzi kabla ya 'ha', si baada yake. Kisha usianze kulia mpaka umwachilie huyo jirani mkono." Binti akarudia. Ukumbi mzima ulimsikia, na kile kitendo cha kuuachilia mkono kilituumiza kuliko machozi.

Hapo ungesema jukwaa limeshinda. Subiri. Katika onyesho lililofuata palikuwa na matanga, na wanafunzi walikuwa wamejipanga mstari mmoja kuitazama hadhira, wanaitikia. Mmoja akauliza kwa nini mwandishi ameweka kiitikio pale. Mwelekezi mwalikwa akajibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Mhadhiri, yule yule wa "ongeza sauti", akaeleza taratibu jinsi waombolezaji wanavyopokezana, nani huanzisha na nani hupokea, na kwamba kiitikio hicho kimeandikwa kwa watu wanaotazamana. Mstari ukavunjwa, wakakaa nusu duara kumzunguka mfiwa. Onyesho likabadilika sura. Tasnifu yake ndiyo iliyofanya kazi ile, na haikuwa kazi ndogo.

Alama za siku ile ziliwekwa na mhadhiri peke yake. Mwalikwa hakuruhusiwa kutia sahihi, kwa kuwa hakuwa mtahini. Hilo lilinikera wakati ule na bado linanikera.

Wanaotetea jukwaa hawapendi swali moja ninaloliona la lazima: jukwaa gani? Nairobi haina jukwaa moja. Kuna urithi wa Donovan Maule, mwigizaji Mwingereza aliyefungua ukumbi wake hapa miaka ya mwisho ya arobaini kwa ajili ya walowezi, na baada yake Phoenix Players, waliodumu katika jengo la Professional Centre, Parliament Road, hadi 2017. Phoenix iliwafunza waigizaji wetu wengi kufika kwa wakati, kukariri haraka na kuheshimu matini. Lupita Nyong'o aliigiza Juliet pale akiwa na miaka 14. Lakini matini yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu aliyelelewa humo peke yake huja darasani na sikio la Kiingereza. Ukimpa tamthilia ya Kiswahili anaifundisha kana kwamba imetafsiriwa.

Kuna tamasha la drama la shule na vyuo, ambalo karibu kila msanii wa Kenya amelipitia. Linakuza nidhamu ya kundi, miondoko ya pamoja, sauti zinazopasuka kwa mpigo mmoja. Pia linazoesha watu kuigiza kwa ajili ya majaji, na mazoea hayo hayang'oki upesi. Kuna vichekesho vya kundi la Heartstrings, ambako mwigizaji hujifunza kupima kicheko kwa nukta, ila hapewi nafasi kubwa ya kujifunza kunyamaza. Kuna vichekesho vya Kikuyu vinavyojaza watazamaji wikendi na ambavyo idara zetu huvitazama kwa dharau isiyo na msingi. Na kuna maigizo ya uraghibishi, yaani ya kuhamasisha watu, yanayolipwa na mashirika, mtaani na sokoni: haya yamewapa waelekezi wetu uwezo wa ajabu wa kusoma hadhira iliyosimama, pamoja na tabia ya kumpa kila mhusika hotuba ya mafunzo. Mwalimu hubeba jukwaa alilotoka pamoja na vilema vyake. Mwenye uzamifu angalau amelazimishwa kuyatazama majukwaa mengine, hata kama kwa mbali.

Dar es Salaam walilitatua hili mapema kuliko sisi. Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba walikuwa watunzi na watu wa jukwaa waliopata pia uzamifu, wakafundisha katika chuo kile kile walichokuwa wakitengenezea michezo, kwa Kiswahili. Kwetu wapo wa aina hiyo pia. Marehemu Francis Imbuga aliandika, akaigiza, akasomea uzamifu na kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. David Mulwa, ambaye vizazi vya wanafunzi wa Kenyatta humwita Mwalimu tu, ameonekana jukwaani na kwenye filamu miaka yote aliyokuwa mhadhiri. Ndiyo maana siamini kwamba vitu hivi viwili havikai pamoja. Ninachoamini ni kwamba mfumo wetu wa sasa unawachosha wanaojaribu kuviweka pamoja, mpaka wanaacha kimoja, na kinachoachwa ni jukwaa.

Tazama hesabu ya kupanda cheo. Mizani imeelemea machapisho. Kuelekeza mchezo mmoja wa chuo ni muhula mzima wa mazoezi ya jioni, kuhangaikia ukumbi, kutafuta maleba katika soko la Gikomba kwa pesa zako, kumbembeleza fundi wa taa, kumtuliza mwigizaji mkuu ambaye karo yake haijalipwa. Makala moja ya kurasa kumi na tano kuhusu mchezo huo huo itamsaidia mhadhiri zaidi ya mchezo wenyewe. Mtu mwenye akili timamu na watoto shuleni ataandika makala. Kwa hiyo hata tukimwajiri msanii hodari kesho, baada ya miaka michache tutakuwa na mwandishi wa makala aliyewahi kuwa msanii.

Mlango uliobaki wazi kwa mtu wa jukwaa ni ule wa mhadhiri wa muda. Hulipwa kwa saa, mara nyingi kwa kuchelewa, hakai kwenye kamati ya mtaala, hasimamii mradi wa mwanafunzi. Chuo kinajivunia jina lake kwenye mabango na kumnyima kauli juu ya kinachofundishwa. Wanafunzi nao huumia: mwalimu anayetegemea kazi za nje atapotea wiki tatu akipata filamu, na siwezi kumlaumu.

Njia zipo, na hazihitaji kushusha viwango. Marekani, shahada ya uzamili wa sanaa, ambayo Lupita aliichukua Yale mwaka 2012, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndiyo ya juu kwa anayefundisha uigizaji, uelekezi au ubunifu wa jukwaa. Uingereza, mtu anaweza kufanya uzamifu ambao sehemu yake ni mchezo alioutengeneza, ukiambatana na maandishi yanayoueleza na kuutetea. Hapa kwetu Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ingawa umezungumzwa zaidi kwa mafundi wa ujenzi na magari kuliko kwa wasanii. Mbunifu wa taa wa miaka ishirini ni fundi pia.

Pingamizi kubwa ni hili: mchezo utapimwa na nani? Nairobi ni mji mdogo kwa wasanii. Tunajuana, tunadaiana, tumewahi kugombania nafasi zile zile. Anayehofia upendeleo hakosei. Lakini tasnifu nazo husomwa na watahini wanaofahamiana, na dawa iliyopatikana ni mtahini wa nje. Aitwe mtu wa Dar es Salaam au Makerere aje kutazama onyesho akiwa ameketi ukumbini, asitumiwe video. Akabidhiwe daftari la mwelekezi lenye mabadiliko ya mazoezi, azungumze na waigizaji, aandike ripoti. Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Chumba cha mazoezi humpa mwelekezi mamlaka makubwa juu ya mwili na hisia za mwanafunzi, na mwenye kundi lake nje anaweza kuahidi nafasi ili apate asichostahili. Hilo linadai aajiriwe kikamilifu, awe chini ya kanuni za nidhamu kama mhadhiri mwingine yeyote. Kibarua asiye na ofisi hana hata mtu wa kumsimamia.

Jumba la Kitaifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1952, liko Harry Thuku Road, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ningeanzia hapo, kwa nafasi moja tu: mwelekezi mwenye mkataba wa miaka mitatu, mshahara wake ukigawanywa kati ya chuo na jumba, afundishe asubuhi na kufanya mazoezi na wanafunzi hao hao jioni, mchezo mmoja kila mwaka na angalau mmoja kati ya hiyo mitatu uwe wa Kiswahili. Apewe kiti kwenye kamati ya mtaala na haki ya kutia sahihi alama. Mkataba ukiisha, michezo yake mitatu iwekwe mezani mbele ya jopo lile lile linalosoma makala za wenzake.