Damu ya mzee au "burgundy"?

Kadi ya harusi ilikuja na maelekezo: sare ya akina mama ni "burgundy". Shangazi akaisoma mara mbili. "Mwanangu, hii ndiyo ipi?" Nikamwambia inakaribiana na maruni, ila si maruni hasa. "Si waseme damu ya mzee tu!" Siku yenyewe ukumbi ulijaa wekundu wa kila namna, na dada mmoja wa kamati alinuna mpaka keki ikakatwa.

Majina haya tunayatamka kana kwamba yamepimwa maabara. Wapi! Burgundy ni mvinyo wa jimbo la Ufaransa. Maruni limetokana na "marron", njugu ya Ulaya inayochomwa kwenye makaa, na Mfaransa ukimtajia marron mpaka leo anaelewa kahawia. Neno limevuka bahari likabadilika rangi! "Scarlet" kwanza lilikuwa jina la kitambaa cha bei mbaya. "Puce", ambalo wanamitindo hulitamka kwa madaha, ni kiroboto kwa Kifaransa.

Ninayoipenda zaidi ni "mauve". Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, akapata uchafu uliotia hariri rangi ya zambarau. Rangi ile ilikuwa kali, imekolea. Leo mtu akisema mauve anamaanisha zambarau iliyopauka. Sasa hapo usahihi uko wapi?

Ndiyo maana nakereka nikiambiwa Kiswahili hakina rangi. Kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda lenyewe. Tuna rangi ya ugoro, tuna feruzi, na mtu tunamwita maji ya kunde tukaelewana bila picha. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo: kabla chungwa halijawapa jina la rangi, ndege wao mwenye kifua cha chungwa walimwita "redbreast", yaani kifua chekundu, na mpaka leo hawajamrekebisha. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na viwanda vya nguo na maduka ya kuyasambaza majina yao.

Fundi cherehani haamini jina la lugha yoyote. Anataka kipande.

Harusi ijayo ni Desemba, na kadi imeandika "mauve". Shangazi hakuniuliza. Ameomba kipande cha kitambaa kwa kamati, amekifunga kwenye pindo la khanga, kesho anakwenda nacho dukani.