Trekta ya mtumba chini ya mikorosho

Mkorosho haukimbilii juu kama mnazi. Hutanuka, na ukiachwa miaka bila kupogolewa matawi yake hushuka mpaka karibu yaguse mchanga. Mwenye shamba la kurithi nyuma ya Gede au upande wa Jilore, huku kwetu Malindi, ekari kumi na kitu za mikorosho, miembe na minazi iliyopandwa na babu bila kamba wala vipimo, akitaka kununua trekta iliyotumika, aanzie hapo: kwenye kimo cha tawi. Wengi huanzia kwenye nguvu za farasi za injini, wakamaliza na chombo chenye nguvu kisichoweza kuingia kazini.

Mabishano ninayoyasikia Malindi kila masika yakikaribia ni ya pande mbili. Upande mmoja unasema nunua Massey Ferguson kuukuu, 135 ukiipata nzima, au 240. Wa pili unasema nunua trekta ndogo ya Kijapani, Kubota, Yanmar, Iseki au Shibaura, ya farasi 20 hadi 30, iliyokwisha kulima mpunga huko kwao kabla ya kushushwa Mombasa. Mimi ni wa upande wa pili. Lakini wa upande wa kwanza si wajinga, na ami yangu ni mmoja wao, kwa hiyo nianze na hoja zao.

Massey 135 ilianza kuundwa miaka ya 1960, na injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu isiyo na siri yoyote. Hakuna waya wa kompyuta, hakuna kisensa. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua, anaitandaza juu ya gunia, anairudisha. Sili, gasketi, ringi za pistoni, diski ya klachi na nozo zake zinajulikana na kila mwenye duka la spea za trekta, na kama hana leo anajua wa kumpigia simu. Halafu ina uzito, karibu tani moja na nusu, na uzito ndio unaovuta. Gogo la mnazi mbichi si mchezo.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni ya mfukoni. Massey ikifungwa plau ya sahani inaweza kulimia watu kwa kukodishwa. Kabla mvua za Aprili hazijaanguka, wenye mashamba ya wazi Magarini, na hata kule Mpeketoni, hutafuta trekta kwa tochi. Ami huniambia, “Mwanangu, hiyo yako ni pikipiki ya magurudumu manne. Yangu inajilisha.” Kweli inajilisha. Ila juma ambalo wewe unaihitaji nyumbani ndilo juma ambalo iko kwa watu, na dereva anayelipwa kwa ekari hana haja ya kuihurumia klachi yako.

Swali langu kwa wenye shamba la miti ni hili: utalima nini? Mizizi ya mkorosho husambaa mbali na mingi yake iko karibu na uso wa ardhi. Ukipitisha plau chini ya mti uliokomaa unaikata, na mti hukulipa kwa korosho chache. Kazi yenyewe ni kufyeka. Korosho iliyoiva huanguka na kuokotwa chini, kwa hiyo nyasi na vichaka lazima viwe vimeondoka kabla ya mavuno, tuseme ifikapo Oktoba. Ongeza kupeleka mbolea, kuvuta trela la madafu na maembe, na kuburuta magogo mara mojamoja. Mashine ya kufyeka ya upana wa mita 1.2 inatosheka na farasi 20 hadi 25. Zile nyingine ishirini za Massey unazilisha dizeli bure.

Na hapo hujaingia bado chini ya tawi. Bomba la moshi la Massey limesimama mbele ya uso wako, na ndilo la kwanza kunasa. Unaweza kulikata na kulilaza, watu hufanya hivyo, lakini upana na mzunguko wa kukata kona huvikati. Isitoshe, 135 na 240 nyingi zinazouzwa huku husukuma kwa magurudumu ya nyuma pekee. Anayeujua msitu wa Arabuko-Sokoke anajua pia udongo wetu: kijivu upande wa barabara, mchanga mweupe katikati penye miti ya mirihi, kisha ule mwekundu wa Magarini ukizidi kwenda bara. Kwenye mchanga mweupe wakati wa kiangazi, trekta nzito inayosukuma kwa magurudumu mawili hujichimbia kaburi. Ya kilo 800 inayokamata mbele na nyuma hupita.

Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalisemi. Baadhi ya Massey za zamani, hasa 35 na 135 za kawaida, zina klachi ya hatua moja. Ukiikanyaga, injini inaachana na gea, lakini ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ya kufyeka bado umeungana na giaboksi. Visu vizito vinavyozunguka huendelea kuisukuma trekta mbele ilhali mguu wako uko chini. Shambani palipo wazi utasonga hatua mbili tatu ucheke. Kati ya miembe utaugonga mmoja. Dawa yake ipo, kiungo kinachofungwa kwenye mhimili ili mashine izunguke peke yake, lakini kwanza ujue kwamba unakihitaji. Au tafuta yenye klachi ya hatua mbili, inayouachanisha na mhimili huo pia.

Sasa nizigeukie za Kijapani, na hapa sitaipendelea yangu. Nyingi ziliundwa kwa soko la ndani ya Japani, kwa hiyo namba ya modeli haimo kwenye vitabu vya spea vya modeli za kuuzwa nje. Mwaka nilioinunua yangu, pampu ya maji ilianza kuvuja mwezi wa Machi. Duka la kwanza walinitazama kama niliyeleta spea ya ndege. Wiki tatu trekta imelala, nyasi zinapanda, na ami anapita barabarani akipiga honi makusudi. Mwishowe fundi mmoja mzee alitoa beringi na sili kuukuu, akazisugua kwa mafuta ya taa, akasoma namba zilizochongwa ubavuni, na vyote viwili vikapatikana Mombasa siku ileile. Beringi, sili, mikanda na filta nyingi huenda kwa vipimo, si kwa jina la trekta. Visivyopatikana hivyo ni gea, pampu ya dizeli na vifuniko vya chuma cha kumimina. Kwa hiyo usinunue yenye ufa au gea inayoruka ukitumaini kutengeneza baadaye.

Majina nayo yasikutishe. Yanmar ndio waliounda trekta ndogo za John Deere tangu miaka ya 1970, Iseki wameunda Massey ndogo, na Shibaura wameunda ndogo za Ford na New Holland. Wakati mwingine spea unayoitafuta inauzwa kwa jina jingine, dukani ulikokwisha kufukuzwa.

La kuangalia sana ni kasi ya mhimili wa nyuma. Mashine za kufyeka huundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Trekta hizi zina kasi tatu au nne, kwa ajili ya majembe ya kuzunguka ya mpunga, na ukiweka isiyo yake giaboksi ya mashine inapasuka. Maandishi kando ya wenzo ni ya Kijapani. Elekeza kamera ya simu ikutafsirie kabla hujalipa.

Tumbo la trekta hizi pia lilizoea tope laini, si visiki. Filta ya dizeli, nyaya na mabomba ya haidroliki yananing'inia wazi. Yangu nilimpa fundi wa kuchomelea akaifunga bamba la chuma chini na wavu mbele ya radieta, maana makapi ya nyasi huziba radieta na injini ndogo haivumilii joto. Upande wa Gede na Watamu, ambako matumbawe yako futi moja chini, bamba hilo si anasa.

Siku ya kukagua nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa na joto, uliza kwa nini. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuamka hausemi kitu, wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Saa kwenye mita hubadilishwa, kwa hiyo amini zaidi pedali zilizolika na usukani unaocheza. Inua mikono ya nyuma, ile ya kubebea mashine, ikiwa na mzigo, zima injini, kanywe chai. Ukirudi ukaikuta chini, sili au vali za haidroliki zimechoka. Ukiletewa Massey yenye rangi mpya inayong'aa, uliza ilikuwa ikifanya kazi wapi. Zilizokaa miaka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni huliwa na kutu kutoka ndani, na rangi haifiki huko. Logbook nayo iwe na jina la anayekuuzia, si la marehemu wa Voi.

Kuhusu magogo sina utani. Trekta ndogo ni nyepesi mbele, na kubwa nayo si salama. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini, chini ya kimo cha ekseli, kamwe si kwenye mkono wa juu. Gogo likinasa kwenye kisiki ilhali umefunga juu, pua hunyanyuka na trekta humlalia dereva kabla hajafikia klachi. Kama ina chuma cha kukinga nyuma ya kiti, funga mkanda kikiwa kimesimama. Ukikilaza ili upite chini ya matawi, fungua mkanda. Nyingi kuukuu, za pande zote mbili, hazina chuma hicho kabisa, na mimi ningelipia kuchomelewa kabla ya kulipia viti na rangi.

Ami alinunua 135 yake mwaka jana, ya klachi ya hatua mbili, na shamba lake, niseme kweli, ni la minazi iliyosimama mbalimbali, haina tawi la kukunasa. Mara mbili kwa mwaka huja kuniburutia magogo yaliyonishinda. Mwezi wa Septemba mimi huenda kumfyekea ile mikorosho michache iliyo nyuma ya nyumba yake, ambako yeye hathubutu kuingia. Dizeli kila mtu hujaza yake.